Nyumba njema si mlango: Namna ya kukipa chumba sura mpya bila kubomoa ukuta

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walisema kwamba nyumba njema si mlango, na anayetaka kuijua sharti aingie ndani. Methali hiyo ingali na uzito hadi leo, hasa mijini ambako familia nyingi huishi katika nyumba zilizojengwa kwa mtindo mmoja, zenye milango inayofanana na kuta zilizopakwa rangi ya aina moja. Kinachotofautisha makao ya jirani mmoja na ya mwingine ni jinsi kila mmoja alivyokitunza chumba chake kwa ndani.

Hata hivyo, wapo wanaoishi kwa miaka mingi katika chumba kisichowapendeza kwa kudhani kuwa ili kukibadilisha ni lazima wabomoe ukuta, wang'oe sakafu au waagize samani mpya. Wapo pia wanaokimbilia mkopo na kununua makochi ya kisasa, kisha wakayaegemeza kwenye ukuta unaovuja maji. Kabla ya mwaka kwisha, makochi hayo huwa yananuka uvundo. Wa kwanza hujinyima raha bure, na wa pili hupoteza pesa ambazo zingelipa karo ya watoto.

Makala haya yanaeleza, hatua kwa hatua, jinsi mwenye nyumba au mpangaji anavyoweza kukifufua chumba kwa gharama anayoimudu, na pia mambo ya kiafya na kiusalama ambayo hayafai kupuuzwa wakati wa shughuli hiyo.

SI JAMBO GENI

Kukifanya chumba kiwe kipya bila kukijenga upya hakukuletwa na majarida ya kigeni. Katika sehemu nyingi za magharibi mwa nchi, kina mama wamekuwa wakisiriba kuta na sakafu za nyumba za udongo kwa mchanganyiko wa udongo na samadi ya ng'ombe, hasa sikukuu ya Krismasi inapokaribia. Wengine huzipamba kuta hizo kwa udongo wa rangi mbalimbali.

Katika mwambao wa Pwani, nyumba za mawe za Lamu, mji wa kale ulioingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, zilipakwa chokaa nyeupe iliyosambaza nuru ndani hata pale madirisha yalipokuwa machache. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba kwa kuwa upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Wenyeji walichonga vidaka ukutani na kuweka humo vyombo vya kauri na vitu vingine vya thamani, sakafu ikabaki wazi.

Humo mna mafunzo mawili ambayo fundi wa leo angeyarudia: rangi nyeupe au hafifu hukikuza chumba machoni, na kitu kinachowekwa ukutani hakiibi nafasi ya kupitia.

KICHUNGUZE CHUMBA KWANZA

Kabla ya kununua chochote, keti ndani ya chumba mara tatu kwa siku: asubuhi, alasiri na usiku. Chukua kalamu na karatasi, uandike majibu ya maswali haya.

Je, chumba hiki hutumiwa kwa kazi gani hasa? Sebule ambayo watoto hufanyia kazi ya shule kila jioni huhitaji meza na taa nzuri kuliko inavyohitaji kabati kubwa la vyombo vya wageni.

Je, nuru huingia kutoka upande gani? Dirisha linaloelekea mashariki hupokea jua la asubuhi, nalo la magharibi hupokea jua kali la alasiri. Mjini Kisumu au Mombasa, chumba chenye dirisha la magharibi huweza kuwa tanuri kufikia saa kumi jioni. Jijini Nairobi, jua hilohilo huwa neema katika miezi ya baridi ya Juni na Julai.

Je, kuna kasoro gani? Tazama pembe za dari, nyuma ya kabati na chini ya dirisha. Andika kila ufa, kila doa la maji, kila soketi iliyolegea na kila kitasa kisichofunga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na rangi mpya haijapata kuwa dawa ya paa linalovuja.

Orodha hiyo ndiyo itakayokuongoza. Mara nyingi utagundua kwamba kinachokuudhi ni vitu vitatu au vinne tu, wala si chumba kizima.

MPANGAJI AANZE NA MKATABA

Wengi wa wakazi wa miji yetu ni wapangaji. Mpangaji anayepaka rangi au kutoboa ukuta bila idhini hujitia katika hatari ya kukatwa pesa kutoka kwa amana yake siku ya kuhama. Soma mkataba kwanza. Ikiwa hausemi lolote, mwombe mwenye nyumba au wakala wake ruhusa kwa maandishi. Ujumbe mfupi wa simu unaoonyesha tarehe na jibu lake ni bora kuliko maneno ya mdomo.

Piga picha za chumba kabla ya kuanza kazi na baada ya kuimaliza. Aidha, si vibaya kujadiliana: yupo mwenye nyumba anayeweza kukubali kugharimia rangi iwapo mpangaji atalipia ufundi, au kupunguza kodi ya mwezi mmoja kwa thamani ya marekebisho yatakayobaki katika nyumba. Kasoro za jengo lenyewe, kama vile paa linalovuja, bomba lililopasuka au nyaya mbovu za umeme, kwa kawaida huwa jukumu la mwenye nyumba, na mpangaji afaa kuziripoti mapema.

Kwa asiyeruhusiwa kugusa ukuta, bado yapo mengi ya kufanya. Anaweza kubadilisha mapazia, zulia, taa za mezani, foronya za mito na mpangilio wa vyombo. Kabati la rafu linalosimama lenyewe halihitaji msumari, ingawa lililo refu lisiachwe mahali ambapo mtoto anaweza kulipanda na kuliangusha.

KUTOA KABLA YA KUTIA

Hatua ya kwanza haigharimu hata senti. Toa kila kitu kinachoweza kubebwa. Chumba kikibaki kitupu, kioshe: dari, kuta, madirisha, sakafu na hata swichi za taa, ambazo hufutwa kwa kitambaa kikavu baada ya umeme kuzimwa. Masizi ya jiko la makaa au la mafuta ya taa huganda ukutani na kukifanya chumba kiwe na giza hata pale rangi yake ingali nzima. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida huyaondoa kwa kiasi kikubwa.

Baada ya hapo, vitenge vyombo katika mafungu matatu: vinavyotumiwa kila wiki, vinavyotumiwa mara chache, na visivyotumiwa kabisa. Fungu la kwanza hurudi chumbani. La pili huwekwa katika masanduku juu ya kabati au chini ya kitanda. La tatu huuzwa, hupewa jamaa au hutupwa. Redio iliyokufa miaka mitano iliyopita haitafufuka kwa kuwekewa kitambaa cha kufuma.

Wakati wa kurudisha samani, usiharakishe kuziegemeza zote ukutani. Acha njia ya kupitia yenye upana wa sentimita 75 hivi kutoka mlangoni hadi dirishani. Kitanda kisizibe dirisha, na kochi kubwa lisiwe kitu cha kwanza kumpiga mtu kumbo anapoingia. Acha nafasi ya angalau sentimita tano kati ya kabati na ukuta wa nje ili hewa ipite. Pasipo hewa ndipo ukungu huzaliana.

UNYEVU NA UKUNGU

Hili ndilo jambo ambalo wengi hulifunika kwa rangi, kisha likawarudia. Ukungu ni yale madoa meusi au ya kijani yanayoenea pembeni mwa kuta na nyuma ya makabati. Mwaka wa 2009, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo, likieleza kwamba wakazi wa nyumba zenye hali hiyo hukabiliwa na hatari kubwa zaidi ya maradhi ya kupumua, ukiwemo ugonjwa wa pumu. Kwa hiyo, mtoto anayekohoa kila usiku huenda anaugua kwa sababu ya ukuta ulio karibu na mto wake.

Kuna njia rahisi ya kujua unyevu unatoka wapi. Kata kipande cha karatasi ya nailoni chenye ukubwa wa daftari, ukibandike ukutani kwa gundi ya utepe kwenye kingo zote nne, ukiache kwa siku mbili. Matone yakionekana upande wa ndani, yaani kati ya nailoni na ukuta, basi maji yamo ndani ya ukuta wenyewe: huenda kuna bomba linalovuja, paa bovu au ardhi yenye maji kando ya msingi. Matone yakiwa upande wa nje, unyevu unatokana na hewa ya chumbani, kwa mfano mvuke wa kupika, nguo zinazoanikwa ndani na madirisha yasiyofunguliwa.

Unyevu wa aina ya kwanza huhitaji fundi azibe chanzo chake kabla ya jambo lingine lolote. Wa aina ya pili hupunguzwa kwa kufungua madirisha kila siku, kuanika nguo nje na kufunika sufuria wakati wa kupika.

Madoa ya ukungu yaoshwe kwa dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, iliyochanganywa na maji kama inavyoelekezwa kwenye chupa. Vaa glavu, funika pua na mdomo, na ufungue madirisha. Usithubutu kuichanganya dawa hiyo na dawa ya kuoshea choo yenye asidi wala na amonia, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Ukuta ukauke kabisa kabla ya kupakwa chochote.

RANGI: PIMA, ANDAA, PAKA

Hakuna kinachokibadilisha chumba upesi kama rangi. Lakini rangi ikinunuliwa kwa kukisia, ama hupungua kazi ikiwa nusu, ama hubaki ikaganda mkebeni.

Kupima ni rahisi. Chukua chumba chenye urefu wa mita 3.6 na upana wa mita tatu. Jumla ya urefu wa kuta zake nne ni mita 13.2. Ikiwa kimo cha ukuta ni mita 2.7, zidisha 13.2 kwa 2.7, upate mita mraba 35.6. Ondoa mlango na dirisha, ambavyo kwa pamoja huchukua takriban mita mraba 3.6. Zitabaki mita mraba 32. Lita moja ya rangi ya maji hutosha mita mraba 10 hivi za ukuta laini kwa mkono mmoja. Kwa mikono miwili utahitaji lita sita na nusu. Mkebe mmoja wa lita nne na mikebe mitatu ya lita moja inatosha. Ndoo ya lita 20 ingekuwa hasara, isipokuwa una vyumba vingine viwili vya kupaka.

Kuhusu aina, rangi ya maji hufaa kuta za sebule na chumba cha kulala kwa kuwa haina harufu kali na hukauka haraka. Rangi ya mafuta hustahimili kuoshwa mara kwa mara, ndiyo maana hupakwa milangoni, kwenye fremu za madirisha na katika kuta za jikoni.

Kuhusu rangi zenyewe, nyeupe, maziwa na manjano hafifu hukifaa chumba kidogo au chenye giza. Rangi za kukolea kama samawati iliyoiva au kahawia zinaweza kutumiwa katika ukuta mmoja tu, ule unaotazamana na mlango. Kabla ya kuamua, nunua kiasi kidogo, upake kipande cha ukuta chenye ukubwa wa gazeti lililofunuliwa, ukitazame mchana na usiku. Rangi iliyopendeza dukani huweza kugeuka kabisa chini ya taa ya nyumbani.

Sehemu kubwa ya kazi imo katika maandalizi. Kwangua rangi inayobambuka, ziba nyufa na matundu ya misumari kwa poda ya kuzibia, kisha piga msasa na ufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Ukuta uliopakwa chokaa inayotoa unga usugulwe kwa brashi ngumu na upakwe kwanza rangi ya msingi, la sivyo rangi ya maji itabambuka pamoja na chokaa hiyo. Ukuta wa rangi ya mafuta nao haushikani na rangi ya maji mpaka ung'avu wake uondolewe kwa msasa. Ikiwa lipu ni mpya, ngoja takriban wiki nne ikauke.

Anza na dari, fuata kuta, kisha malizia milango na fremu. Paka pembe na kingo kwa brashi kwanza, halafu ujaze sehemu pana kwa rola. Mkono wa kwanza ukauke kwa saa zilizotajwa kwenye mkebe kabla ya kupaka wa pili. Katika baridi ya Julai jijini Nairobi au unyevu wa pwani msimu wa mvua, ongeza muda huo. Miezi ya Januari na Februari, ambayo huwa mikavu katika sehemu nyingi za nchi, ndiyo mizuri zaidi kwa kazi hii.

TAHADHARI KUHUSU MADINI YA RISASI

Kwa miaka mingi, madini ya risasi yalitiwa katika rangi, hasa zile za mafuta, ili zing'ae na zikauke upesi. WHO inaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio walio hatarini zaidi, kwani hutia mikono na vitu mdomoni, na madini hayo huathiri ubongo unaokua na kupunguza uwezo wa kujifunza. Humu nchini, kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni moja za rangi.

Nunua rangi yenye alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) na uepuke ile inayopimwa kutoka kwa mapipa yasiyo na jina. Katika nyumba kuukuu, chukulia kwamba rangi ya mafuta iliyo kwenye milango na madirisha inaweza kuwa na risasi. Usiichome kwa moto wala kuipiga msasa ikiwa kavu. Ikiwa haijabambuka, ipakie nyingine juu yake baada ya kuiparuza kwa msasa uliolowa. Ikiwa imebambuka, iloweshe kabla ya kuikwangua, kusanya maganda yote katika mfuko, na upanguse sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Watoto na mama wajawazito wasiwepo chumbani wakati huo.

NURU NA TAA

Chumba kilichopakwa vizuri lakini chenye taa mbaya hubaki na huzuni. Osha vioo vya madirisha ndani na nje. Sogeza kabati lililoziba nusu ya dirisha. Tundika kioo cha kujitazamia kwenye ukuta ulio kando ya dirisha au unaotazamana nalo, nacho kitairudisha nuru ndani.

Usiku, balbu moja katikati ya dari huacha pembe zote gizani. Taa ndogo ya mezani karibu na kochi au kitanda huondoa kasoro hiyo. Balbu ya LED ya wati tisa hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya kizamani ya wati 60, huku ikitumia sehemu ndogo tu ya umeme huo. Tazama pia nambari yenye herufi K kwenye pakiti. Balbu ya 2,700K au 3,000K hutoa mwanga wa manjano unaotuliza, unaofaa chumba cha kulala. Ile ya 6,500K hutoa mweupe mkali, unaofaa jikoni au meza ya kusomea.

Kubadilisha balbu ni kazi ya yeyote, lakini kuongeza soketi au kuhamisha nyaya si kazi ya kubahatisha. Tafuta fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Waya unaopitishwa chini ya zulia, au soketi moja iliyobebeshwa televisheni, pasi na jiko la umeme, ni chanzo cha moto kinachosubiri siku yake.

MAPAZIA, VITAMBAA NA ZULIA

Mapazia yaliyoshonwa kwa kubana huifanya sebule ionekane maskini. Upana wa kitambaa uwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa fimbo, ili yawe na mikunjo. Fimbo ifungwe juu zaidi ya fremu ya dirisha na ipite kingo zake kwa sentimita 15 kila upande. Dirisha litaonekana kubwa, na pazia likifunguliwa halitaziba nuru. Kwa dirisha la magharibi, chagua kitambaa kizito. Kwa dirisha lisilo na jua, kitambaa chepesi kinatosha. Katika maeneo yenye mbu, wavu wa dirishani ni muhimu kuliko pazia lenyewe, na kitanda kiwekwe mahali ambapo chandarua kitaning'inia bila kubanwa.

Si lazima vitambaa viwe vya bei ghali. Soko la Gikomba jijini Nairobi, Kongowea mjini Mombasa na Kibuye mjini Kisumu huwa na mapazia na mashuka ya mitumba ambayo fundi cherehani anaweza kuyakata upya. Eastleigh inajulikana kwa mazulia na mapazia mapya. Katika mtaa wa Biashara mjini Mombasa, leso na vikoi hupatikana kwa wingi. Jozi moja ya leso hutosha foronya kadhaa za mito ya makochi, na pindo lake lenye nakshi huwa pambo tosha. Osha kitambaa kabla ya kukikata ili kirudi kama kitarudi, na uone ikiwa rangi yake inachuja.

Kwa sakafu ya saruji iliyochakaa, ziba mashimo kwanza, kisha uipake rangi ya sakafu au utandike zulia la plastiki linalouzwa kwa mita. Usilitandike juu ya sakafu yenye unyevu, maana maji yatanaswa chini yake. Mkeka wa ukindu ni mwepesi, hufaa maeneo ya joto na huanikwa juani kwa urahisi. Zulia dogo lililowekwa chini ya miguu ya mbele ya makochi huyaunganisha kuwa kikao kimoja.

SAMANI KUUKUU ZISITUPWE

Kochi lililobonyea mara nyingi huwa na mbao nzima. Kilichokwisha ni sponji na kitambaa. Litikise kabla ya kuamua. Likiyumba viungoni, fundi anaweza kulikaza kwa gundi na skrubu. Likiwa imara, kubadilisha sponji na kitambaa kwa kawaida huwa nafuu kuliko kununua jingine la ubora huohuo. Uliza uzito wa sponji, kwani ile nyepesi sana hubonyea baada ya miezi michache.

Meza na viti vya mbao hurejeshewa uhai kwa kupigwa msasa kufuata mkondo wa mbao na kupakwa vanishi mikono miwili au mitatu myembamba. Kubadilisha vishikio vya kabati ni kazi ya dakika chache. Kiondo cha mkonge kilichotundikwa ukutani kinaweza kubeba magazeti, nyuzi za kufumia au vichezeo vya watoto.

CHUMBA KIMOJA, KAZI NYINGI

Familia inayopikia, kulia na kulala katika chumba kimoja ndiyo inayohitaji mpango bora zaidi. Tenga sehemu ya kulala kwa pazia linaloteleza kwenye fimbo au waya uliokazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Inua kitanda kwa matofali au vigingi imara ili masanduku yaingie chini yake. Tumia ukuta kuanzia kimo cha bega kwenda juu kwa rafu, kama walivyofanya wenyeji wa Lamu kwa vidaka vyao.

Jiko liwe karibu na dirisha au mlango, umbali wa mita moja angalau kutoka kwa pazia lolote. Jiko la makaa lisiingizwe ndani kuota moto usiku huku madirisha yamefungwa. Gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka humo haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Urembo wa chumba hauna maana ikiwa chumba chenyewe si salama.

BAJETI NA RATIBA

Zipange kazi kwa utaratibu huu: kwanza zile za bure, yaani kusafisha na kupanga upya, pili, marekebisho ya kasoro, tatu, rangi, nne, taa, tano, vitambaa, na mwisho samani. Pesa zikiisha katika hatua ya tatu, utakuwa na chumba safi na kikavu. Anayeanza na samani huishia kuwa na kochi zuri katika chumba kibovu. Tenga sehemu ya kumi ya bajeti kwa dharura, kwa kuwa hakuna ukuta uliokwanguliwa usitoe siri.

Ukimwajiri fundi, nunua vifaa mwenyewe, mwandikiane kazi itakayofanywa na siku ya kuimaliza, kisha umlipe kwa awamu. Ya mwisho ilipwe baada ya kukagua kazi mchana, wakati ambapo kasoro huonekana.

Kwa chumba cha wastani kisicho na unyevu, mwisho wa juma mmoja unatosha. Ijumaa jioni, toa vyombo na uoshe kuta. Jumamosi asubuhi, ziba matundu, piga msasa na upake dari. Alasiri, paka mkono wa kwanza wa kuta. Jumapili asubuhi, paka mkono wa pili, kisha milango na fremu. Acha madirisha wazi mchana kutwa, na ikiwezekana watoto, wagonjwa wa pumu na wajawazito walale kwingine mpaka harufu iishe. Vyombo virudishwe Jumatatu jioni. Andika jina na nambari ya rangi uliyotumia, uhifadhi kiasi kilichobaki katika mkebe uliofungwa barabara na mbali na watoto. Mwaka ujao, doa moja likitokea, litazibwa kwa brashi tu.

Wiki mbili baada ya kumaliza, kagua upya zile pembe ulizoziandika hapo mwanzo. Zikiwa kavu, basi kazi imefaulu. Doa likirejea, usiongeze rangi. Mwite fundi au mwenye nyumba atafute maji yanakotoka.